Mguu Ulioniletea Niuchue

Mogaka, mosani wangu, rafiki yangu,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kumuuliza mtu hali yake, halafu tumwambie kwamba sisi tu wazima. La kwanza haliwezekani, na la pili si kweli. Basi naanza tu. Ni mimi Osoro, wa hapa chini ya kituo cha kununulia majani chai, yule mliyekuwa mkimwita Dakta kwenye timu ya mpira ingawa dawa zangu zote zilikuwa maji moto na chumvi.

Nakuandikia kwa Kiswahili, na najua ungenicheka. Mimi na wewe tangu utotoni hatukuzungumza Kiswahili ila mbele ya mwalimu, au pale ulipotaka kunitania kwa ile sauti yako ya madereva wa Mombasa. Lakini nimejaribu kwa Kigusii mara mbili, na mara zote mbili nimefika mstari wa tatu nikashindwa. Kigusii kiko karibu mno. Kwa Kiswahili naweza kupumua kidogo kati ya neno na neno.

Leo ni miezi minne tangu tukuzike. Mvua imerudi, Gesima yote ni kijani, majani chai yanaota upesi kuliko mikono ya kuyachuma. Kerubo mkeo anachuma peke yake ile mistari mliyokuwa mkichuma wawili. Mke wangu huenda kumsaidia, na akirudi haniambii walizungumza nini. Kemunto binti yako anavaa gambuti zako kwenda kukamua ng'ombe. Zinampwaya, anajaza matambara kwenye vidole, na anakataa kununuliwa nyingine. Lori lako amepewa dereva wa kutoka Nyamarambe. Siku ya kwanza alipopita hapa kwenye kona alipiga honi, mara mbili fupi, vile vile, na mimi niliinuka nikaweka kikombe chini nikaelekea barabarani. Nilifika katikati ya ua ndipo nikakumbuka. Nikasimama pale kama mjinga, kuku wananiangalia.

Timu ilifungwa manne na Nyamache. Ungetukana mpaka jua lizame.

Sasa nije kwenye mguu. Nimezunguka vya kutosha.

Unakumbuka ulivyoanguka. Siku ya soko Nyamache, uko juu ya lori unapanga mikungu ya ndizi, ukarudi nyuma hatua moja ambayo haikuwepo. Kifundo cha mguu kikavunjika. Wakakufunga plasta wiki sita, wakakuambia usikanyage. Wewe, mtu ambaye hata kanisani huwezi kukaa mpaka mwisho wa mahubiri, ukakalishwa kwenye kochi, mguu juu ya stuli. Nilikuja kukuona karibu kila siku. Uliniambia sasa unaelewa kwa nini ng'ombe wa kufungwa hunenepa. Tulicheka sana siku hizo, na bado nazionea wivu.

Wiki ya tano ulinionyesha vidole vya mguu vilivyochungulia nje ya plasta. Vilikuwa vimejaa. Ukasema ndani kunawaka, nyuma, kwenye shavu la mguu, kunauma kama umepigwa teke. Nikakuambia ni mfupa unaunga, mfupa ukiunga huwaka. Nani aliniambia hivyo, Mogaka? Hakuna. Nilijisemea tu, kwa ile sauti yangu ya Dakta, nawe ukaniamini.

Plasta ikatolewa Jumatatu. Jumanne alasiri ukaja uwanjani na magongo yako, wachezaji wote wapo, ukaketi kwenye benchi langu ukasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Osoro, hii mguu imekuwa ya mtu mwingine. Hospitali imeshindwa, sasa Dakta amalize kazi." Watu wakacheka. Nami nikafurahi. Niseme kweli, nilifurahi sana kuambiwa hivyo mbele ya watu.

Suruali ilikataa kupanda kupita shavu la mguu. Mguu ule ulikuwa mnene kuliko mwenzake, ngozi imevutika inang'aa, ina joto, na wekundu kidogo ukiutazama kwenye mwanga. Nilibonyeza kwa kidole gumba, nikatoa kidole, na shimo likabaki. Nimechua miguu ya wachezaji miaka kumi na minane. Msuli uliokaza naujua hata nikifumba macho: ni mgumu, una mafundo, ukiubana unarukaruka. Ule wako haukuwa hivyo. Mikono yangu iliniambia kwamba hiki ni kitu kingine, nami nikaibishia mikono yangu.

Nikaweka sufuria motoni. Maji, chumvi, majani ya mkaratusi, halafu mafuta. Nikachua kutoka kisigino kupanda juu mpaka gotini, kwa nguvu, kama tunavyofanya. Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Na nani angenizuia? Huku kwetu mtu akivimba, karai la maji moto hufika kabla ya swali. Mzazi aliyetoka kujifungua huchuliwa, mzee huchuliwa, mchezaji huchuliwa. Ni kazi ya upendo. Mama yangu alinichua, mama yako alikuchua. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kuna mguu usioguswa.

Ijumaa ulikuwa unakuja kwangu tena. Nilikuona kwa mbali na magongo yako kwenye njia ya kati ya mashamba ya chai. Nikakuona unasimama. Kisha ukaketi chini, pale pale kwenye majani, mkono kifuani. Nilipokufikia midomo yako ilikuwa imebadilika rangi na ulikuwa unahema kama mtu aliyepanda mlima mbio, na hukuwa umepanda popote. Ulisema neno moja tu. "Hewa."

Jirani alileta pikapu. Kerubo akakushika kichwa nyuma kule, mimi nikashika mguu usigongwegongwe. Nakumbuka nilikuwa nauchunga mguu, nauwekea sweta yangu chini, kana kwamba shida iko pale bado. Tukafika hospitali Kisii ukiwa hai. Walikuwekea hewa ya mtungi, wakakimbia huku na huku, na kabla ya nusu saa kwisha wakatoka nje wakitembea polepole.

Daktari alikuwa mama mmoja wa kutoka upande wa ziwa, Daktari Akinyi, mfupi, wa miwani. Kerubo alikuwa chini kwenye sakafu ya ukumbi analia, kaka yako Ombati anatafutwa kwa simu. Basi maswali akaniuliza mimi. Alivunjika lini? Plasta muda gani? Mguu ulivimba lini? Nikamjibu. Halafu akauliza kama kuna mtu aliuchua mguu ule, na Mogaka, nilijibu kwa majivuno. Nilisema, "Mimi mwenyewe, daktari, siku tatu, na maji moto kabisa." Nilidhani atanishukuru.

Alivua miwani. Akasema, "Mguu kama huo hauchuliwi."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningebishana naye.

Walipokupasua kuangalia wakakuta donge la damu kwenye mshipa mkubwa wa kwenda mapafuni, na jingine dogo limebaki kwenye shavu la mguu. Iliandikwa kwenye karatasi. Ombati akaisoma karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni. Tukakuzika. Na kwenye mazishi, mbele ya umati wote, Ombati akanisimamisha. Akasema familia inamshukuru Osoro, rafiki wa kweli, aliyemhangaikia marehemu kwa mikono yake mpaka siku ya mwisho. Watu wakapiga makofi. Mimi nikainamisha kichwa, wakadhani ni huzuni. Ilikuwa huzuni pia. Lakini ilikuwa na kitu kingine ndani yake, na kitu hicho nikakimeza nikaketi.

Ningekimeza maisha yangu yote kama si Omong'ina Moraa, yule mama mzee jirani yenu.

Ulimjua vizuri kuliko mimi, ua lenu ni moja. Mjane, mzee, hana mtu, ulimi mkali. Mligombana naye mwaka juzi kwa sababu ya ng'ombe wako aliyeingia kwenye mahindi yake, mkapatana, mkagombana tena. Siku ile ya Jumanne asubuhi, siku moja baada ya plasta kutolewa, mtu alimwona ameinama karibu na lango lenu. Alikuwa anachuma chinsaga, zile mboga zinazojiotea pale kwenye ua. Amezichuma pale miaka yote. Lakini wewe ulipita lango hilo hilo siku hiyo kuja kwangu, na wiki hiyo hiyo ukafa.

Ikaanza polepole. Kwamba mguu wa mtu haukatai kupona hivi hivi. Kwamba Mogaka alikanyaga kitu. Nilimwambia Ombati mara moja, kwa sauti ndogo, kwamba karatasi ya daktari ilisema ni donge la damu. Akanitazama kwa huruma. "Sawa, donge. Na hilo donge liliwekwa na nani?" Jibu nilikuwa nalo, ila sikuwa na moyo wa kulitoa.

Wakang'oa mboga zake. Wakatupa mawe kwenye bati lake mchana kweupe. Dukani watu wakawa hawasimami naye kwenye foleni. Jina lile likaanza kutajwa, omorogi, mchawi, kwanza na vijana, baadaye na watu wazima wanaojua uzito wake. Akaja kwangu siku moja mama wa watu, akasimama mlangoni, hakuingia. Akaniuliza, "Osoro mwanangu, wewe mlikuwa na yeye kila siku. Mimi nimemfanya nini?" Nikamwambia yatapita. Nikampa sukari. Mogaka, nilimpa yule mama robo ya sukari nikafunga mlango.

Halafu Ombati akaita kikao, Jumamosi, kwako nyumbani. Omong'ina Moraa aje aulizwe, aseme aliweka nini. Wewe unajua kuulizwa huku kwetu huishia wapi. Tulikuwa darasa la sita tulipouona ule moshi upande wa pili wa mto, tukiwa tunatoka shule, na nyumba ilikuwa na mtu. Hatukuwahi kuzungumza juu yake, mimi na wewe, hata tulipokuwa wazee wa kunywa chai na kusema yote.

Alhamisi kabla ya kikao nikaenda Kisii. Nikangoja kwenye benchi la hospitali asubuhi nzima mpaka Daktari Akinyi akatoka wodini. Alinikumbuka. Nikamwambia sikuja kutibiwa, nimekuja nielezwe, kwa maneno ambayo naweza kuyabeba nikayafikisha mbele ya watu.

Akageuza fomu moja ya zamani akanichorea. Mishipa ni ya aina mbili, akasema. Ateri hutoa damu moyoni na kuipeleka mwilini, vena huirudisha. Damu ikiganda ndani ya ateri, mahali palipo mbele pananyimwa damu: ikiwa ni mguu, unakuwa baridi na rangi inapotea, ikiwa ni kichwani ni kiharusi, ikiwa ni moyoni mtu anashikwa na mshtuko wa moyo. Ikiganda ndani ya vena, damu inashindwa kurudi, basi mguu unajaa, unapata joto, unauma. Wako ulikuwa huo wa pili. Na damu ya mguuni hupandishwa juu na nini? Na shavu la mguu, mtu anapotembea. Kila hatua msuli unaikamua kwenda juu. Wewe ulikuwa na mfupa uliovunjika, mshipa pengine uliumia hapo, na wiki sita shavu la mguu halikufanya kazi. Damu ikakaa. Ikaganda. Aliniambia wako wengine hupata kwa ujauzito na baada ya kujifungua, kwa saratani, kwa kulala kitandani baada ya kupasuliwa, kwa safari ndefu za kuketi, na wengine wamezaliwa na damu inayoganda upesi, ni ya ukoo. Nikafikiria safari zako za Mombasa. Nikafikiria baba yako aliyeanguka ghafla tukiwa wadogo. Sijui. Hakuna atakayejua.

Nikamwuliza angefanya nini kama ningekuleta Jumanne. Sikutaka kusikia jibu, lakini niliuliza.

Angepima miguu yote miwili kwa futi ya fundi cherehani, akasema, aone tofauti. Futi tu, Mogaka. Mke wangu anayo kwenye droo. Angekutoa damu wapime. Angekupeleka kwenye ile mashine ya ultrasaundi wanayowapimia wajawazito, wakaipitisha kwenye paja na nyuma ya goti, wakabonyeza kidogo: vena nzima hujikunja ikibonyezwa, yenye donge hukataa. Kisha sindano za kuzuia damu isizidi kuganda, ndogo, kwenye ngozi ya tumbo, na baadaye vidonge kwa miezi. Kuna vidonge vya aina moja ambavyo mtu akivitumia hupimwa damu mara kwa mara, na hutakiwa asibadilishebadilishe mboga za kijani, leo sahani mbili kesho hakuna. Hapo nilijikuta nacheka, kwa kuwa nilikuona unabishana na daktari juu ya chinsaga. Dawa hizo haziyeyushi donge, alisema, zinalizuia lisikue na mwili wenyewe unalimaliza taratibu. Wengi hupona. Alisema neno hilo, wengi.

Nikamwuliza lile nililokwenda kuuliza. Ni mimi?

Aliikunja ile fomu aliyonichorea. Kisha akasema, "Siwezi kukwambia ni mikono yako. Donge linaweza kung'oka lenyewe, mtu akiwa amelala tu. Na siwezi kukwambia si mikono yako." Nilitaka moja, Mogaka. Nilitaka anihukumu au aniachilie. Akaniambia nimepewa zote mbili, na watu wengi wanaishi hivyo.

Jumamosi nikaenda kwako. Viti vilikuwa vimepangwa uani. Ombati mbele, wazee wa ukoo pembeni, vijana wamesimama kwenye ua, wengi mno kwa kikao cha familia. Omong'ina Moraa alikuwa ameketishwa kwenye stuli katikati, kitambaa chake cha kanisani kichwani. Alikuwa amevaa vizuri. Hilo ndilo lililonimaliza, kwamba alijipamba kuja kuulizwa.

Nikasimama kabla hajaulizwa. Sikumbuki nilianza vipi. Najua nilisema mguu ulivimba ndani ya plasta, wiki ya tano, nilionyeshwa kwa macho yangu, kabla lango halijapitwa na kabla mboga hazijachumwa. Nilisema mfupa na kukaa ndivyo vilivyotengeneza donge. Nilisema mguu ulikuja kwangu ukiwa na joto, na shimo lilibaki nilipobonyeza, na nilijua si msuli, na badala ya kumpeleka hospitali nikauchua siku tatu kwa sababu nilipenda kuitwa Dakta. Nilisema daktari ameniambia mguu kama huo hauchuliwi. "Mlinipigia makofi kwa kazi hiyo," nikasema. "Kama mnatafuta mtu wa kuuliza, mimi hapa. Huyu mama mwacheni aende nyumbani."

Nilisikia ng'ombe wako anacheua.

Mzee mmoja wa ukoo wenu akauliza kama nina hakika ya wiki ya tano. Nikasema ndiyo. Kerubo, aliyekuwa mlangoni mwa jikoni, akasema, "Ni kweli. Vidole vilikuwa vimevimba. Mimi nilikuwa namvua soksi juu ya plasta." Hiyo ndiyo ilimaliza mambo, si maneno yangu. Mzee akainuka, akachukua fimbo yake, akamwambia Omong'ina Moraa, "Twende nikusindikize, dada." Na vijana wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, wakitazama chini.

Ombati alinijia mpaka karibu. Nilidhani atanipiga, na ningekubali. Alisema tu, "Toka kwa boma ya ndugu yangu." Nikatoka.

Omong'ina Moraa amepanda chinsaga mpya, lakini sasa amepanda nyuma ya nyumba yake, mbali na ua wenu. Bado kuna wasiomsalimia. Kwangu uwanjani hakuna anayekuja kuchuliwa, na hata wangekuja nisingewagusa. Benchi nimeligawa. Watu wengine huniita muuaji wakidhani sisikii, na wengine, hao ndio wananiumiza zaidi, huniambia nisijilaumu, kwamba siku yako ilikuwa imefika. Wanasema kwa wema. Nawashukuru na kuondoka haraka.

Sasa kuna jambo ambalo sikulisema kwenye kikao. Hata hapa juu katika barua hii nimeliruka, na umeona nilivyoliruka. Nilidhani nitalificha humo humo kwenye zile siku tatu. Lakini wiki iliyopita Kerubo alikuja kwangu. Mara ya kwanza tangu kikao. Alikuja mchana, kapu la majani chai bado mgongoni, akaketi kwenye ngazi, akaliteremsha. Mke wangu akamletea chai, Kerubo akaiacha hapo mpaka ikapoa. Akaniuliza swali moja. "Alikwambia uache?"

Ulikuwa umeniambia. Alhamisi. Nilikuwa nabonyeza nyuma ya goti kwa kiganja, kwa uzito wa mwili wangu, na ukashika mkono wangu. Hukuwa unacheka tena. Ulisema, "Wacha, Osoro. Wacha. Hii ni uchungu ingine." Na mimi nikautoa mkono wako taratibu, kama wa mtoto, nikakuambia, "Vumilia kidogo." Ukavumilia. Uliuma ile taulo ukavumilia, kwa sababu ni mimi niliyekuambia.

Nilimwambia Kerubo hivyo hivyo, sikupunguza kitu. Nilimwambia nikitazama ngazi. Nikangoja anilaani au ainuke aende. Hakuinuka. Alikaa muda mrefu anachomoa majani mabovu kwenye kapu lake, jani moja moja, anayatupa chini.

Kisha akasema, "Ijumaa asubuhi aliniambia kifua kinamchoma. Nilikuwa nakimbilia chai, gari la kubeba majani lilikuwa limekaribia. Nikamwambia avumilie, Osoro atamchua jioni."

Tukakaa pale wawili. Sikumwambia asijilaumu. Nimeambiwa maneno hayo, najua hayafiki popote. Nilimsaidia tu kuweka kapu mgongoni, akaenda kituoni kupima majani yake, nami nikaingia ndani nikatafuta karatasi.

Basi lala, Mogaka. Sikuombi unisamehe kwa barua, hiyo nitakuomba ana kwa ana tukionana. Kemunto na nduguze nitawatazama, hata Ombati akininyima lango nitawatazama kutoka barabarani. Na mtu yeyote akinijia na maumivu, awe mtoto, awe adui, atakaposhika mkono wangu nitausimamisha hapo hapo, nimwulize yanauma wapi, na niondoke naye kwenda hospitali nikiwa nimemshika. Neno lile nililokuambia Alhamisi halitatoka tena kinywani mwangu.

Ni mimi,
Osoro